Kabla hujapaua boma lako kwa paa la kuficha

Mkuu, umesema boma lako la vyumba vitatu pale Kibaha limefika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, na fundi anakushauri paa la kuficha, lile lililolala nyuma ya ukuta uliopandishwa, kwa kuwa ni nafuu na ndilo linalokwenda na wakati. Mimi nimejenga mara mbili, Goba mwaka 2009 kwa paa la kawaida na Kigamboni mwaka 2019 kwa paa la kuficha, na nyumba zote mbili nimeziishi.

Kuhusu mtindo hajakudanganya. Nilipojenga Goba kila mtu alitaka paa refu la kona nyingi na bati za rangi, watu wakiingia madeni kwa ajili ya kenchi tu, yaani fremu za mbao zinazobeba bati. Leo pita Madale, pita Kigamboni, nenda hadi Dodoma: nyumba mpya kwa sehemu kubwa ni za kontempo, kuta zimepanda, bati halionekani, madirisha makubwa ya aluminiamu.

Unafuu ndio wa kuangalia vizuri. Mbao zinapungua kweli, maana kenchi ni fupi. Lakini muulize kama amehesabu ule ukuta wa juu: kozi nne au tano za tofali kuzunguka nyumba nzima, plasta ndani na nje, rangi, mfereji wa ndani wa kupokea maji ya bati na dawa ya kuzuia maji. Kwangu, nilipojumlisha risiti zote, nilichookoa kwenye mbao kilikuwa kimeishia huko.

Halafu zikaja mvua za El Niño mwishoni mwa 2023. Mfereji wangu ulikuwa na bomba moja tu la kutolea maji, la inchi 3, na majani ya mwembe wa jirani yakaliziba. Kwenye paa la kawaida gata, ule mfereji wa nje pembeni mwa bati, ikijaa maji yanamwagika uwanjani, basi. Kwenye la kuficha yanapanda mpaka yavuke ukingo wa bati, kisha yanashukia ndani. Dari ya jipsamu ya chumba cha watoto ilidondoka usiku, kipande kizima, juu ya kitanda. Namshukuru Mungu watoto walikuwa kwa bibi yao.

Sasa nina mabomba matatu ya inchi 4. Mfereji umesakafiwa upya, unashuka sentimita moja kwa kila mita, na ukutani nimetoboa matundu ya dharura chini kidogo ya usawa wa bati, ili bomba likiziba maji yatokee nje niyaone. Bati nazo, peleka vipimo kiwandani wakukatie urefu kamili, kwa sababu paa likiwa limelala hivyo maji hurudi nyuma kwenye maungio. Chukua geji 28, usishawishiwe na 30, ambayo ni nyembamba zaidi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kukosa upenu, ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Goba mvua inanyesha na madirisha yako wazi, hewa inapita, sebule kavu. Kigamboni jua la saa tisa linaingia mpaka kwenye makochi, mvua ya upepo inapiga ukuta moja kwa moja, na chini ya madirisha ya upande wa bahari plasta imeanza kuota ukungu. Nyumba za wazee wetu wa pwani zilikuwa na upenu mrefu na baraza chini yake, na joto hili hili walikuwa nalo. Sisi tumeuondoa kwa ajili ya sura ya mbele ya nyumba, kisha tunanunua viyoyozi.

Kama moyo wako uko kwenye kontempo, jenga, ila weka kibaraza cha zege juu ya kila dirisha, kitokeze sentimita 60 hivi. Nondo zake hufungwa pamoja na za linta. Kwa hiyo mwambie fundi asimwage zege wiki hii kabla hamjakubaliana, maana kuja kukichomeka baadaye ni kubomoa. Ukiweza weka ramani hapa, nikuonyeshe mabomba ya mfereji yashuke kona zipi.