Kwangu iliishia njiani

Mhariri, mmeuliza filamu gani ya maisha ya mtu maarufu ilituangusha. Ninayo moja, ila kilichoniuma si uigizaji, ni mahali walipokatisha hadithi.

Naisema "Bob Marley: One Love" ya 2024. Inamkuta Bob mjini Kingston, Jamaika, mwaka 1976 anapopigwa risasi, inamfuata London, inafika tamasha la amani la Aprili 1978, basi. Albamu yake ya "Survival" ya 1979 haimo. Harare haimo.

Sasa tuliokulia Ngarenaro, Arusha, tufanyeje? Jirani yetu alikuwa fundi redio, ndiye aliyeturekodia kaseti. Juu ya meza yake alitundika jalada la santuri hiyo ya "Survival", bendera za Afrika zimepangwa safu kwa safu. Nilikuwa darasa la pili. Kaka akinituma kufuata kaseti yake, napanda kreti la soda kutafuta bendera yetu. Moshi wa risasi ya kuchomelea nyaya ulikuwa umelifubaza jalada. Njano imekuwa kahawia, kijani na bluu huzitofautishi. Fundi hakunisaidia. "Tafuta mwenyewe, mdogo wangu, imo." Siku ya tatu nikaigusa kwa kidole. Umeme ulikuwa umekatika, akarudisha kaseti nyuma kwa kalamu asimalize betri, akaniwekea wimbo wa Zimbabwe. Akanieleza kwamba wapiganaji wa kule walifunzwa hapa kwetu, Mgagao, Iringa.

Kwa hiyo kumsimulia Bob bila ule usiku wa Aprili 1980 uwanja wa Rufaro, Harare, alipoimba kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe, ni kutunyima fungu letu. Vyombo alivisafirisha kwa fedha zake. Mabomu ya machozi yakapigwa, watu wakatawanyika, na bado akarudi jukwaani.

Nimeandika kwa hasira, najua. Juzi nimeirudia filamu na binti yangu, na mwigizaji Lashana Lynch kama Rita, mke wa Bob, alininyamazisha. Rita alipigwa risasi ya kichwa, na siku mbili baadaye akapanda jukwaani na bandeji yake. Miaka yote tulimwimba Bob, yeye tulimtaja wapi? Na dakika 107 haziwezi kubeba miaka 36 ya mtu yule.

Basi tuseme iliniangusha nusu. Watoto waitazame, mradi wakimaliza mzazi awawekee "Survival". Binti yangu amelifungua jalada kwenye simu, anaikuza picha kwa vidole viwili. Sijamwonyesha ilipo.