Unene na nguvu ya kabro za barabarani
Je, kabro (tofali la zege la kutandazwa barabarani) yenye unene wa milimita 60 inafaa kwa barabara inayopitisha malori kila siku? Hapana, haifai. Hiyo ni ya njia za miguu na maegesho ya magari madogo, na penye malori hutakiwa ya milimita 80. Kuhusu nguvu ya kuhimili kukandamizwa, ambayo hupimwa kwa niutoni, kiwango cha zamani cha Uingereza, BS 6717 cha mwaka 1986, kilidai wastani wa niutoni 49 kwa kila milimita ya mraba, bila tofali hata moja kushuka chini ya 40, na hadi leo takwimu hizo zinafaa kulinganishia cheti cha maabara unacholetewa na muuzaji.

Pasipo na maabara, vunja moja kwa nyundo kabla ya kulipa: katika kabro imara kokoto hupasuka pamoja na saruji, ilhali katika iliyo dhaifu hung'oka zikiwa nzima na kuacha vishimo, na uso wake hutoa vumbi ukikwaruzwa kwa msumari. Mara nyingi chanzo cha udhaifu huo ni kuianika kabro juani mapema, ilhali saruji hupata nguvu kwa unyevu, hivyo imwagiliwe maji na kufunikwa kwa siku 7 za mwanzo, angalau.

Hata hivyo, kabro bora ikitandazwa juu ya udongo usioshindiliwa vizuri, au barabara ikikosa mawe ya ukingo, itabonyea na kuachana hata kama haikuvunjika, kwa hiyo tabaka la chini likaguliwe kabla ya kumlaumu mtengenezaji.