Neno kwenye daftari la madeni

Dada wa Majengo hapo Dodoma, nimekuelewa: unafungua Biblia usiku ukishafunga genge, usingizi unakubeba, asubuhi hukumbuki kitu. Achana na usiku. Anza na Marko, ina sura 16 tu. Soma mistari michache kabla hujatoka, mmoja uunakili kwenye daftari la madeni, juu kabisa ya majina. Mteja akikuzungusha hela yako ya nyanya, utaukuta hapo (Mathayo 18, yenye mfano wa mtumwa aliyesamehewa deni akakataa kumsamehe mwenzake, utaipenda, au itakukera). Mithali sura moja kwa siku ni nzuri, ila wengi huishia njiani. Ukiruka siku, endelea ulipoishia. Ila hiyo huzuni uliyoitaja tangu msiba, mwone mchungaji, na daktari pia. Asikwambie mtu ni upungufu wa imani.