Maswali ya Wasomaji: Redio Koli ya Mtumba Imegoma Kusomeka

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nimenunua redio koli tatu za gari, Motorola GM340, zimeshatumika, nizifunge kwenye maboti yetu hapa Kibirizi. Kebo ya USB niliipata sokoni, haina jina. Laptopu ni ya Windows 10. Nikibonyeza kusoma ili nione mipangilio ya redio, programu ya kuziprogramu inakaa kidogo kisha inasema hakuna mawasiliano na redio. Zote tatu ni hivyo hivyo. Nimeuziwa vyuma chakavu?
*Mwenye maboti, Kigoma*

JIBU: Ndugu yetu, redio tatu haziwezi kuugua ugonjwa mmoja siku moja. Kilichogusa zote tatu ni kebo na laptopu, kwa hiyo anza huko na redio ziache kwanza.

Fungua Divaisi Meneja (Device Manager) ya Windows, chomeka kebo, chomoa, chomeka tena huku unatazama sehemu ya Poti (Ports) na ya vifaa vingine (Other devices). Ikiwa hakuna kinachotokea wala kutoweka, kebo imekufa au tundu la USB ni bovu. Ikitokea alama ya njano yenye kosa namba 10, huenda umemkamata mchawi: mara nyingi ndani ya kebo kuna chipu ya kampuni ya Prolific, PL2303, ya zamani au ya bandia, na draiva mpya za Prolific (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kebo) zimetengenezwa zizikatae chipu hizo. Weka draiva ya zamani, toleo 3.3.2.102, kisha uichague kwa mkono kwenye orodha ya draiva zilizomo. Windows ina tabia ya kurudisha ile mpya kimyakimya, hasa ukihamisha kebo kwenye tundu jingine. Chagua tundu moja, ubaki nalo. Kama unaweza kuongeza hela kidogo, nunua kebo yenye chipu halisi ya kampuni ya FTDI. Kwa fundi atakayeprogramu redio kila mwezi hiyo ni hela iliyotumika vizuri.

Draiva ikikubali, tazama namba ya poti. Windows hupenda kutoa COM7 au hata COM12, na programu nyingi za redio za zamani hazioni namba za juu. Ingia kwenye mipangilio ya poti, sehemu iliyoandikwa Advanced, uibadilishe iwe kati ya COM1 na COM4, halafu uchague namba hiyo hiyo ndani ya programu.

Kama kebo yako ina plagi ya pini 9 inayoingia kwenye kiboksi cha kati (kile kinachobadilisha volti kati ya kompyuta na redio), ipime hivi: ichomoe kwenye kiboksi, unganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kipande cha waya, fungua PuTTY (programu ya bure ya kutuma herufi kupitia poti) kwenye poti hiyo, uandike herufi chache. Zikirudi kwenye skrini, upande wa kompyuta ni mzima. Tafadhali usikiruke kiboksi hicho ukaunganisha plagi moja kwa moja na redio. Plagi hiyo hutumia mfumo wa RS-232, ambao hupanda na kushuka hadi volti kumi na zaidi, chanya na hasi, wakati waya wa data wa redio unafanya kazi kwa volti 5. Hapo unaweza kuiua redio nzima.

Umeme wa redio uchukue kwenye betri ya gari iliyojaa, siyo adapta ndogo. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, redio inaweza kubaki na nusu ya data na isiwake tena sawasawa. Antena nayo iwepo, hata kama huna nia ya kuongea. Kidole kikigusa kitufe cha kuongelea bila antena, transista za mwisho zinaweza kuungua.

Ikisomeka, usibadilishe kitu. Hifadhi faili, ulipe jina lenye namba ya utambulisho (serial number) ya redio hiyo, kila redio faili lake. Hicho ndicho kitakachokuokoa ukikosea. Kisha soma kibandiko cha nyuma: modeli inayoanza MDM25K ni VHF, megahezi 136 hadi 174, MDM25R ni UHF, 403 hadi 470. Programu ikikataa masafa yako, mara nyingi ndiyo sababu, na hakuna mpangilio wa kuigeuza moja iwe nyingine.

Chaneli za mwenye redio wa zamani zifute zote. Masafa aliyopewa yeye, kwetu yanaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Ya kwako yatoke TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na leseni yake.

SWALI: Redio zetu mbili za mkononi za Kenwood zina masafa yale yale. Taa ya kijani inawaka mwenzangu akiongea, ila sauti haitoki. Na moja inakataa kebo ambayo nyingine inaikubali.
*Msimamizi wa walinzi, Tabora*

JIBU: Taa ikiwaka bila sauti, mawimbi yanafika, ila huenda toni hailingani, yaani ule mlio mdogo usiosikika ambao redio hutuma pamoja na sauti ili nyingine ifungue spika. Bonyeza kitufe cha monita (kinachofungua spika bila kujali toni) wakati mwenzako anaongea. Sauti ikitoka, fungua programu ulinganishe toni ya kutuma ya redio moja na ya kupokea ya nyingine: 100.0 na 103.5 zinafanana machoni, kwa redio ni lugha mbili. Kwa toni za tarakimu angalia pia kama moja imegeuzwa. Ikiwa sauti inatoka lakini imekwaruza, au iko chini mno, huenda moja iko kwenye upana wa chaneli wa kilohezi 12.5 na nyingine 25.

Kuhusu kebo, chomeka plagi ya pini mbili hadi mwisho, kisha itazame kwa pembeni kwenye mwanga. Ukiona chuma kinang'aa kati ya plastiki ya plagi na mwili wa redio, haijafika. Kebo za bei nafuu zina bega nene la plastiki linalogonga ganda la redio kabla pini hazijagusa ndani. Lipunguze kwa wembe, milimita moja kwanza, ujaribu tena.

SWALI: Programu inadai nenosiri ndipo isome. Nifanyeje?
*Fundi, Urambo*

JIBU: Irudishe kwa aliyekuuzia akupe nenosiri au hela yako. Programu za kuvunja nenosiri zinazozunguka mitandaoni mara nyingi huja na virusi, na redio iliyofungwa huenda iliibwa kwa mwenyewe. Siku nyingine nenda dukani na laptopu na kebo, uisome redio kabla hujalipa.