Usikimbilie kupiga Windows: kwa fundi mpya wa kompyuta za nyumbani, Mtwara na Lindi

Mafundi wengi wanaoanza kazi huku kwetu wana dawa moja tu. Mteja akisema kompyuta inazingua, wanachomeka flashi na kupiga Windows, yaani kufuta mfumo na kuusakinisha upya. Kwenye mashine ya ofisi unaweza kuponea. Kwenye kompyuta ya nyumbani, iliyonunuliwa ili watoto wasomee, mara nyingi utafuta picha za harusi za mama mwenye nyumba, utampotezea baba hesabu za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), na programu ya masomo iliyogoma mwanzo itagoma vilevile. Sehemu kubwa ya kazi zinazoletwa kama "programu ya mtoto haifunguki" chanzo chake si programu wala si Windows. Chanzo kiko kwenye tarehe, kwenye RAM, kwenye diski, au kwenye faili ambalo halikuja pamoja na programu.

Mashine tunazokutana nazo zinafanana. Ni desktopu za mtumba kutoka Dar, Dell OptiPlex na HP Compaq za Core 2 Duo au i3 za mwanzo, RAM ya GB 2 au 4. Minada ya korosho ikishaanza Oktoba na pesa zikaingia kwa wakulima, zinashuka kwa wingi kwenye mabasi, zimesafiri zaidi ya kilomita 400 kwenye buti pamoja na mabegi na magunia. Kwa hiyo ukiletewa CPU (kasha lenyewe la kompyuta), fungua kava kabla hujaiwasha. Kandamiza kila waya wa SATA (ule unaounganisha diski na madabodi), kisha toa RAM uitazame kwenye mwanga.

Hapo kwenye RAM kaa kidogo. Shangani, Mikindani, Lindi mjini, Kilwa Masoko, kote kulikopakana na bahari, vile vidole vya rangi ya dhahabu hupata utando, wakati mwingine wa kijani, wakati mwingine weusi mwembamba usiouona mpaka uinamishe RAM pembeni. Chukua kifutio cheupe cha penseli, si kile kigumu cha kufutia wino. Sugua kuelekea ukingoni, upande mmoja, bila kurudisha mkono. Pangusa mabaki kwa brashi kavu, rudisha RAM mpaka usikie klipu zimelia. Mashine iliyokuwa inapiga milio bila kuonyesha picha mara nyingi huwaka hapohapo, na programu iliyokuwa ikijifunga katikati ya somo inatulia.

Ukipanda bara, Masasi, Nachingwea, Newala, adui ni vumbi jekundu. Feni ya prosesa inajaa, pasta ya chini yake imekauka, prosesa ikipata joto inajipunguzia kasi yenyewe, na mteja anakuambia programu ni nzito. Mende na mijusi nao wana makazi yao humo ndani. Wafukuze, lakini pawa saplai yenyewe usiifungue kama hujafundishwa. Kapasita zake hubaki na umeme hata ukishachomoa waya ukutani.

Baada ya hapo washa, na kabla hujagusa kitu kingine angalia saa kwenye pembe ya chini ya skrini. Ikikuonyesha mwaka 2009, betri ya CR2032 iliyoko kwenye madabodi imekwisha, na kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma. Wengi wanalidharau hili. Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayodhani iko 2009 ikiona cheti cha mwaka huu inahesabu kwamba bado hakijaanza kutumika, inakikataa, na kivinjari kinatoa onyo kwenye karibu kila ukurasa. Mwalimu atakulalamikia kwamba maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu imekufa. Mwingine ataongeza bando. Badilisha betri, weka tarehe kwenye BIOS (mipangilio ya madabodi inayofunguka kabla ya Windows), chagua saa za Nairobi kwenye Windows (hizo ndizo zetu), kisha jaribu tena.

Diski nayo ipime kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ikionyesha rangi ya njano na sekta zinazosubiri kuhamishwa, nakili faili za familia kwanza, mazungumzo mengine baadaye. Kwa mteja mwenye uwezo wa kununua kitu kimoja tu, mshauri SSD ndogo, diski ya kisasa isiyozunguka. Hakuna kifaa kingine kitakachoibadilisha mashine ya namna hiyo kiasi kile.

Sasa tuje kwenye programu. Kabla hujapakua chochote muulize mwenye nyumba: mtoto yuko darasa la ngapi, anasoma shule ya Kiswahili au ya Kiingereza, na intaneti ipo nyumbani au ni ya simu ya baba anayerudi saa mbili usiku? Majibu hayo yanaamua uchague nini kuliko ukubwa wa RAM. Halafu tazama kama Windows ni ya biti 32 au 64. Msaada wa Microsoft kwa XP uliisha Aprili 2014, kwa Windows 7 Januari 2020, na kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Mashine haifi tarehe hizo zikipita. Inafaa kabisa kwa mtoto kujifunzia bila intaneti. Ya kufanyia miamala ya benki si hiyo, na umwambie mteja hivyo waziwazi.

Kuna familia zina CD za masomo za miaka ya tisini, za ensaiklopidia au za hesabu, na hawataki kuzitupa. Kwenye nyingi ya hizo, programu kuu ni ya biti 32 lakini kisakinishi chake ni cha biti 16, na Windows ya biti 64 haifungui kabisa kitu cha biti 16. Hapo usipoteze jioni nzima kubadili mipangilio. Ama tafuta mashine yenye Windows ya biti 32, ama weka XP ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa na programu) kama RAM inatosha. Ikifunguka lakini rangi zimevurugika, bofya kulia juu ya ikoni, ingia Properties, kisha Compatibility, uchague rangi 256 na skrini ya 640 kwa 480. CD yenyewe itengenezee faili la ISO (nakala yake kamili) siku hiyohiyo, maana mikwaruzo haipungui.

Programu za Flash, mfumo wa Adobe wa katuni na michezo, ni habari nyingine. Adobe waliacha kuihudumia Flash Player mwisho wa mwaka 2020, na tangu Januari 12, 2021 ikazuiwa kucheza. Ukikuta folda ina faili za .swf, tumia Ruffle, programu huru inayosoma Flash. Inazimudu vizuri za zamani zilizoandikwa kwa ActionScript 1 na 2. Za ActionScript 3 baadhi hugoma. Lakini kwanza chungulia kama ndani ya folda kuna faili la .exe la projekta, kwa sababu hilo limebeba Flash yake tumboni na hufunguka bila kukuomba kitu.

Kwa watoto wadogo mimi huweka GCompris. Ni ya bure, ina michezo ya herufi, hesabu na kutumia kipanya, na haina matangazo. Ina vituko viwili utakavyokutana navyo. Cha kwanza, dirisha linafunguka jeusi tupu. Kadi ya picha ya Intel ya zama za Core 2 Duo haiwezi OpenGL (mfumo wa kuchora picha) inayotakiwa; ifungue kwa kutumia uchoraji wa prosesa, kwa kuongeza neno --software-renderer mwishoni mwa Target kwenye Properties za njia ya mkato. Kama ni Windows 7, usihangaike na toleo jipya, tafuta la nyuma. Cha pili kinawachanganya wengi zaidi: programu inafunguka vizuri, muziki unasikika, lakini sauti ya kutaja herufi haipo. Fundi anakimbilia draiva za sauti. Draiva ni nzima. Sauti za kutamka hupakuliwa kwa lugha uliyochagua, na nyumbani kwa mteja hapakuwa na intaneti. Unganisha simu yako, ingia kwenye mipangilio, chagua lugha, subiri ipakue, kisha zima intaneti uhakikishe imebaki. Fanya hivyo mjini, usingoje mpaka ufike Tandahimba ndiyo utafute mtandao.

Kwa wa sekondari, majaribio ya sayansi ya PhET kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder yanatosha sana, na mengi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Pakua faili la .html, liweke kwenye diski, litafunguka ndani ya kivinjari bila mtandao. Sharti kivinjari kisiwe kikongwe. Kwenye Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109. Mimi huweka Firefox 115 ESR. Wikipedia ya kusoma bila mtandao ipo kwa programu ya Kiwix. Ya Kiswahili ni nyepesi; ya Kiingereza yenye picha inapita GB 100, hivyo chagua ya somo husika. Na ukinakili faili kubwa kwenye flashi ukaambiwa faili ni kubwa mno wakati unaona nafasi ipo, flashi imefomatiwa FAT32, ambayo haibebi faili linalofika GB 4. Ifomati exFAT, ukishatoa kilichomo.

Ujumbe wa faili la dll kukosekana usikutoe jasho, na usiende kulipakua hilo faili moja kwenye tovuti za ajabu. MSVCP140.dll huja na Visual C++ ya Microsoft, na programu ya biti 32 inataka ile ya x86 hata kama Windows yako ni ya biti 64. d3dx9_43.dll huja na kifurushi cha DirectX cha Juni 2010. Programu ikiomba .NET 3.5, Windows 10 itataka kuipakua mtandaoni. Chomeka flashi yako ya Windows na uichukue kwenye folda ya sources\sxs kwa amri ya DISM, bando la mteja libaki salama. Programu zilizokrakiwa usiziweke kabisa kwenye kompyuta ya watoto. Za bure zipo nyingi, na kraki ndiyo mlango wa virusi nyumba nyingi.

Video za masomo zikikatakata, tazama kodeki (namna video ilivyobanwa) kabla ya kulaumu VLC. Video za H.265 zinaichosha Core 2 Duo. Zigeuze kuwa H.264 kwa HandBrake kwenye laptopu yako, kimo cha 480, na zitacheza bila shida. Flashi ya shule ikionyesha njia za mkato tupu, faili hazijapotea, zimefichwa na kirusi. Safisha kompyuta kwanza, kisha ukiwa ndani ya flashi hiyo kwenye Command Prompt tumia attrib -h -r -s /s /d kuzirudisha.

Kabla hujaondoka mwite mtoto akae mwenyewe. Wewe simama nyuma, mikono mfukoni. Utaona kama ikoni ni ndogo mno, kama kipanya kinakimbia, kama anajua kuzima bila kuchomoa waya. Mfungulie akaunti isiyo na ruhusa ya kusakinisha, na nenosiri la akaunti kubwa mwandikie mama.

Kupiga Windows kupo, sikatai. Mfumo ukiwa umeoza kweli, familia ikiwa imeshanakiliwa vitu vyake, piga mara moja, weka draiva na programu zote, halafu chukua nakala nzima ya diski kwa Clonezilla uihifadhi kwenye diski yako ya nje kwa jina la mteja. Ukiitwa tena baada ya mvua za Desemba, na utaitwa, utairudisha nakala hiyo bila kupakua chochote.