Programu Kongwe Kwenye Kompyuta Chakavu: Maelezo kwa Afisa TEHAMA Anayeanza Kazi

Karibu kila ofisi utakayopangiwa ina kompyuta moja ambayo hakuna anayetaka kuigusa. Mara nyingi huwekwa kwenye kona ya bohari au chumbani kwa mhasibu, imefunikwa kitambaa cha kufuma, skrini yake bado ni ile yenye kisogo, na ndani yake kuna programu ya leja, ya mishahara au ya hesabu ya vipuri iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuhama, kustaafu au kufariki. Chuoni ulifundishwa kujenga mifumo mipya. Hapa utaambiwa ufufue mfumo wa mwaka 1999 kabla ya saa sita mchana, kwa sababu lori liko getini linasubiri hati ya kutolea mali. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi Dar es Salaam na mikoani, na mengi ninayoyaeleza nimeyajua kwa kuchelewa.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba programu yenyewe haichakai. Diski huchoka, feni hujaa vumbi, kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza umeme) huvimba, lakini programu iliyoandikwa mwaka 1999 leo ni ileile, herufi kwa herufi. Ikikataa kufanya kazi, ama chombo kinachoibeba kimeharibika, ama mazingira iliyoyazoea yameondolewa: ilizoea kuandika popote kwenye diski na leo inazuiwa, ilizoea printa iliyochomekwa kwenye poti ya LPT1 na leo printa ni ya USB, ilizoea tarehe inayoanza na siku na leo kompyuta inaanza na mwezi. Kazi yako, basi, ni kutambua programu hiyo inadhani inaishi wapi, kisha kuitengenezea mahali hapo. Wanaoanza wengi hufanya kinyume. Huilazimisha ikae kwenye kompyuta mpya kama ilivyo, na ikigoma huitangaza kuwa imekufa.

Kabla ya kugusa chochote, kaa nusu siku na anayeitumia. Katika bohari moja la vipuri nilimkuta mama aliyekuwa ameitumia programu ya stoo kwa miaka kumi na minne, na nilipounyosha mkono kuwasha kompyuta akanizuia: "Mwanangu, washa printa kwanza, halafu ndiyo kompyuta. Ukianza na kompyuta itanuna." Nilidhani ni mazoea tu ya mtu mzima. Baadaye nilipoufuata mtiririko wa programu niliona kwamba inapofunguka hutuma herufi moja kwenye printa na kusubiri jibu, na isipojibiwa huganda bila kuandika ujumbe wowote. Mama yule hakujua sababu lakini alijua dawa, na maarifa ya namna hiyo hayapo kwenye kitabu chochote cha maelekezo. Andika yote anayokuambia, hata yale yanayofanana na ushirikina.

Kama kompyuta hiyo bado inawaka, usiizime kabla hujapanga namna ya kupata nakala ya diski nzima. Diski iliyozunguka miaka mingi inaweza kuendelea kuzunguka miezi mingine sita, na ukiizima ikapoa isizunguke tena. Kwanza nakili folda ya programu pamoja na data kwenye flashi au diski ya nje. Hizo ndizo roho ya ofisi. Baada ya hapo tumia Clonezilla, ambayo haina gharama, kuchukua taswira ya diski yote. Na kama diski imeanza kugonga au kusoma kwa kusuasua, ddrescue ni salama zaidi kwa sababu huanza na sehemu nzima na kuziacha mbovu mwisho. Nakala ya folda peke yake haitoshi, maana programu nyingi za wakati ule zilitawanya vipande vyake kwenye folda za Windows na kwenye sajili yake, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, na vipande hivyo hutavikumbuka mpaka siku utakapovikosa.

Upande wa chuma sitakawia. Toa vumbi kwa pumzi ya mashine, si kwa kitambaa chenye maji. Ngoa vijiti vya RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta), sugua meno yake ya shaba kwa ufutio wa penseli, virudishe. Nusu ya kompyuta nilizoletewa zikipiga kelele bila kuonyesha picha zilipona kwa ufutio huo. Angalia kapasita kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, hasa kwa kompyuta zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kuwa kipindi kile kapasita nyingi mbovu ziliingia sokoni. Zenye vichwa vilivyovimba zibadilishwe. Badilisha pia betri ya saa, CR2032 ya volti 3, kabla haijafa, kwa sababu ikifa kompyuta hurudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma kila umeme unapokatika, na karani asiyeangalia huingiza bidhaa za wiki hii kama mali iliyopokelewa tarehe 1 Januari 2002. Ukiihamishia Windows XP kwenye diski mpya ya SATA, ingia kwanza kwenye bayosi (mipangilio ya kompyuta inayotangulia Windows) uiweke diski katika hali ya IDE, namna ya zamani ya kuwasiliana na diski, badala ya AHCI iliyo mpya, kwani XP haiji na draiva, yaani programu ya kuendeshea kifaa, ya AHCI na utakutana na skrini ya buluu yenye msimbo 0x0000007B. Ukishaona msimbo huo mara moja hutausahau.

Sasa tuje kwenye programu. Swali la kwanza ni kama ni ya biti 16, kizazi cha zamani zaidi, au ya biti 32, kilichofuata. Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16, na Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo programu ya DOS, mfumo uliotangulia Windows, iliyoandikwa kwa Clipper au FoxPro, lugha za zamani za hifadhidata, haitafunguka humo hata uibembeleze vipi. Hata hivyo, kuna mtego unaowadanganya wengi: programu inaweza kuwa ya biti 32 huku kisakinishi chake kikiwa cha biti 16. Kisakinishi kikigoma, usikate tamaa. Nakili folda nzima kutoka kompyuta ya zamani, jaribu kuifungua, na uone inalalamikia faili gani. Programu za Visual Basic 6, lugha ya kuandikia programu iliyotoka mwaka 1998, mara nyingi hufufuka hivyo, kwa sababu maktaba zake za msingi bado zinakuja na Windows 10 na 11. Kinachokosekana huwa ni mafaili ya OCX (vipande vya ziada ambavyo programu huviazima), ambayo unayasajili kwa amri ya regsvr32. Kwenye Windows ya biti 64 amri hiyo itumie ile iliyo ndani ya folda ya SysWOW64, ambayo, ajabu, ndiyo yenye vitu vya biti 32, wakati System32 ina vya biti 64. Sijapata mtu wa kunieleza jambo hilo bila kucheka.

Kwa programu za DOS, DOSBox, inayoigiza kompyuta ya DOS ndani ya Windows, itakuvutia, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, na mimi siipi leja ya ofisi. Nimeridhika zaidi na vDos, ambayo ililenga programu za kazi na inajua kupeleka maandishi kwenye printa ya Windows. Baadhi ya programu zilizoandikwa kwa lugha ya Turbo Pascal hufa zikifunguliwa tu na kutaja kosa namba 200. Hizo hupima kasi ya kompyuta kwa kugawanya namba, na kompyuta za leo zina kasi kubwa kiasi kwamba jibu halitoshei mahali lilipotengewa. Hapo tatizo ni wepesi wa kompyuta, na kuna viraka, yaani marekebisho madogo ya programu, vilivyoandikwa kwa ajili ya kosa hilo hilo.

Kosa lililonigharimu kuliko yote lilihusu ruhusa za kuandika. Programu za zamani huweka data zao ndani ya folda zilimo zenyewe, kwa kawaida chini ya Program Files. Tangu Windows Vista, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika humo. Lakini badala ya kuikatalia programu ya zamani, Windows huichukua data hiyo kimyakimya na kuiweka kwenye folda iitwayo VirtualStore, ndani ya akaunti ya mtumiaji aliyeingia. Programu haijui, na karani hajui. Katika ofisi moja nilihamishia programu ya stoo kwenye kompyuta yenye Windows 7, nikaijaribu, ikafanya kazi, nikaondoka nikiwa nimefurahi. Baada ya muda makarani wawili wakaanza kugombana: kwenye kompyuta ileile, mmoja aliona mikanda ya feni 48 na mwingine aliona 31. Kila mmoja alikuwa na leja yake bila kufahamu. Jambo hilo peke yake lingerekebishika, ila mwezi uliotangulia nilikuwa nimefuta akaunti ya karani wa tatu aliyestaafu ili kupata nafasi kwenye diski, na ndani ya akaunti hiyo ilikuwamo VirtualStore yake yenye wiki saba za maingizo. Tulizirudisha kwa kusoma kadi za stoo moja baada ya nyingine, Jumamosi mbili mfululizo, na sikuthubutu kulalamika kuhusu posho. Tangu hapo, programu za namna hii ninaziweka kwenye folda ya peke yake, kama C:\Stoo, na ninawapa watumiaji ruhusa ya kuandika humo. Na sifuti akaunti ya mtu kabla ya kuipekua.

Tarehe nazo zina hila inayohitaji jicho kali. Kompyuta nyingi tunazonunua, hasa za mitumba, zimepangwa kwa mfumo wa Marekani, ambapo mwezi hutangulia siku. Programu ya Visual Basic ikipewa 05/03 huisoma kama Mei 3 badala ya Machi 5. Ikipewa 17/03 huona hakuna mwezi wa 17, hivyo hugeuza yenyewe na kuisoma sawasawa. Matokeo yake, maingizo ya siku kumi na mbili za kwanza za kila mwezi huharibika, isipokuwa yale ambayo siku na mwezi zina namba moja, na yanayofuata huwa sahihi. Mhasibu akikuambia kwamba taarifa za nusu ya pili ya mwezi ziko vizuri na za mwanzo zimevurugika, usitafute virusi. Fungua mipangilio ya eneo, chagua Kiingereza cha Uingereza, na urudie mpangilio huo kwa kila akaunti ya mtumiaji, kwani kila moja ina wake.

Printa ndiyo itakayokula muda wako mwingi. Ofisi zinazotumia karatasi za nakala tatu haziwezi kuacha printa za pini kama Epson LX-300, kwa sababu printa ya leza haigongi karatasi na nakala za chini zitabaki tupu. Programu ya DOS hupeleka maandishi moja kwa moja LPT1, na kebo ya kugeuza USB kuwa poti ya zamani haikupi LPT1 ya kweli. Njia iliyonifaa ni kuishirikisha printa kwenye mtandao kupitia Windows, kisha kuandika net use LPT1 ikifuatwa na jina la kompyuta, jina la printa na neno /persistent:yes, ili kompyuta idhani poti ipo. Printa za leza za bei nafuu hata hapo hazitatoa kitu. Zitawasha taa na kunyamaza, kwa kuwa hazielewi maandishi matupu bila draiva kuyatafsiri.

Ukiona kompyuta yenyewe haitamaliza mwaka, ihamishie ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Disk2vhd hugeuza diski ya kompyuta inayowaka kuwa faili moja, na VirtualBox inaweza kulifungua faili hilo kwenye kompyuta mpya, XP na programu yake vikiwa kama vilivyokuwa. XP itadai kuamilishwa upya kwa sababu itaona vifaa vimebadilika, hivyo suala la leseni lifikishe kwa mkuu wako mapema, na lifikishe kwa maandishi. Kama programu inalindwa na ufunguo wa leseni unaochomekwa nyuma ya kompyuta, hakikisha unao mkononi kabla kompyuta ya zamani haijauzwa kwenye mnada wa vyuma chakavu.

Iwe ni chuma halisi au mashine pepe, XP isiguse intaneti. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Wengi huikumbuka WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia ya Mei 2017, kama janga la XP, lakini sehemu kubwa ya kompyuta zilizoshikwa zilikuwa za Windows 7 ambazo wenyewe hawakuzisasisha ingawa kiraka kilikuwa kimetolewa miezi miwili kabla. Kwa hiyo kuwa na Windows mpya kidogo si kinga. Chomoa kebo ya mtandao, na data ihamishwe kwa flashi moja inayotumika kwa kazi hiyo tu na inayopekuliwa kwanza kwenye kompyuta yenye antivirusi.

Kila mwisho wa mwezi, itoe data nje ya programu. Mafaili ya DBF ya Clipper na FoxPro hufunguka kwenye LibreOffice Calc, kwa hiyo fungua nakala, usifungue faili halisi, na linganisha jumla ya mwisho na ile iliyochapwa kwenye karatasi. Zikitofautiana, umegundua jambo kabla ya mkaguzi. Amri ya printa, mpangilio wa bayosi, majina ya folda na maneno ya yule mama wa stoo yaandike kwenye daftari la karatasi, na daftari likae juu ya kasha la kompyuta, chini ya kile kitambaa cha kufuma, ili hata siku isipowaka liweze kusomeka.