Kutwaa Tour de France bila kushinda hatua hata moja

Ndugu, umeuliza inawezekanaje mtu atwae Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, ilhali hakuwa wa kwanza kuvuka mstari katika hatua hata moja. Jibu limo katika saa: mashindano yana hatua 21, yaani mbio za siku moja moja, muda wa kila hatua hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Katika hatua za tambarare, kundi likifika pamoja, wote huandikiwa muda uleule, hata aliye mkiani. Ndiyo maana bingwa wa kasi anaweza kushinda hatua nne, akaambulia kupunguziwa sekunde chache tu kama zawadi, kisha akapoteza nusu saa kwa siku moja ya milimani. Chris Froome alitwaa taji la 2017 bila ushindi wa hatua, akimzidi Rigoberto Urán kwa sekunde 54, na Greg LeMond alifanya vivyo hivyo mwaka 1990. Binafsi naona utamu uko hapo hasa: kiongozi hujificha nyuma ya migongo ya wenzake wanaomkatia upepo kwa saa nne au tano, akingoja mlima wa mwisho, ambapo mabega ya mpinzani huanza kuyumba na pengo likafunguka, mita 10, kisha 50.